Tarehe Aliyoinyamazia Hayat

Hayat alizaliwa Wete, Pemba, lakini Kijerumani alikijua tangu utotoni. Baba yake alipelekwa Leipzig kusomea uchapaji, akaenda na familia yake, na Hayat alisoma huko mpaka darasa la saba, ndipo wakarudi Pemba. Mwaka 2001 aliikimbia Pemba baada ya vurugu za Januari zilizofuata uchaguzi, akaishia Woolwich, London. Kwa miaka saba aliogesha wazee kwenye nyumba za kulelea. Kisha taasisi moja ndogo ya kumbukumbu katikati ya London ikatafuta mtu wa kusoma Kijerumani cha zamani, kile cha herufi zilizojikunja, akapata kazi.

Alikabidhiwa magazeti yaliyochapwa Ujerumani kati ya vita viwili vya dunia. Mengi yalikuwa nakala za Der Stürmer, gazeti la Nuremberg la kueneza chuki dhidi ya Wayahudi. Wiki baada ya wiki, katuni ilikuwa karibu ile ile: Myahudi wa pua kubwa na tumbo kubwa, amekalia mali, huku Mjerumani amekonda pembeni. Hayat aliijazia kila katuni kadi yake, akaandika tarehe na maneno ya chini. Alifanya hivyo miaka kumi na mbili. Kadiri alivyosoma ndivyo alivyoona kwamba mchoraji alianza na wivu. Kwanza alimwonyesha msomaji, tazama alicho nacho huyu na wewe huna. Chuki ilifuata nyuma.

Ndipo akaja Noëlla, Mkongo wa Bukavu, miaka thelathini na moja, na shahada yake ya uzamivu. Taasisi ikampa yeye kazi ya kuandaa maonyesho ya katuni hizo. Hayat hakuulizwa.

"Mama Hayat, bila kadi zako ningepotea kabisa," Noëlla alimwambia, na alisema kweli.

Hayat alitabasamu. Moyoni alisema, kadi zangu, jina lako. Redio ilipomhoji Noëlla, Hayat aliizima. Alianza kuchukia hata kicheko chake, hata mikufu yake, hata namna wakubwa walivyomngoja amalize sentensi.

Wiki tatu kabla ya ufunguzi, Noëlla alimpa rasimu ya vibandiko vya maelezo ya ukutani aipitie. Kimoja kilisema katuni ni ya mwaka 1938. Hayat alijua ni ya 1928. Picha aliyoitumia Noëlla ilikuwa na doa juu ya tarehe, lakini kwenye gazeti lenyewe, kabatini, tarehe ilisomeka vizuri. Kalamu ilikuwa mkononi.

"Iko sawa?" Noëlla aliuliza.

"Iko sawa," Hayat akajibu.

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Noëlla alivaa kitenge cha buluu, akapigiwa makofi. Hayat alisimama karibu na chai, akisubiri profesa yeyote aligundue kosa.

Aliyeligundua hakuwa profesa. Alikuwa Bi Miriam Lindauer, mama wa miaka themanini na fimbo yake. Alisimama muda mrefu mbele ya katuni ile, kisha akamwita Noëlla.

"Wenzake baba darasani waliikata hii gazetini wakambandika mgongoni. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Alitusimulia maisha yake yote, kwamba mateso yalianza zamani, kabla serikali ile iliyowafukuza Wayahudi haijaingia. Lakini hapa mmeandika 1938. Mwaka huo baba alikuwa tayari London." Akakielekezea kibandiko fimbo. "Kwa hiyo alitudanganya?"

Noëlla alikisoma tena kibandiko.

Hayat aliweka kikombe chini. Akawasogelea.

"Hakudanganya, bibi," alisema. "Ni ya 1928. Gazeti lenyewe ninalo kabatini, nitakuonyesha sasa hivi. Kosa hili nililiona wiki tatu zilizopita nikanyamaza."

Waliokuwa karibu wakageuka. Hayat alimshika mkono Bi Miriam, wakashuka ngazi pole pole, akamfungulia kabati. Mama yule aliigusa tarehe kwa kidole, akalia bila sauti.

Noëlla aliwakuta huko. Alingoja mgeni akae kitini, kisha akauliza kwa Kiswahili, "Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu, mwanangu."

"Mimi nilikuletea ile karatasi kwa sababu nilikuamini." Akaondoka.

Kibandiko kilibadilishwa kesho yake. Hayat alipewa barua ya onyo, akaisaini bila kubisha. Noëlla aliacha kumwita Mama, akawa anamwita jina tu, na hilo lilimuuma kuliko barua.

Mwezi uliofuata Noëlla alitoa mhadhara, ukumbi ukajaa. Hayat alikaa kiti cha nyuma, na wivu ulikuwapo bado, umemkaa kifuani. Katikati ya mhadhara Noëlla akalisoma vibaya neno moja la herufi zile za zamani. Hayat akanyoosha mkono, akalisema ipasavyo.

"Asante," Noëlla alijibu bila kumtazama, akalisahihisha, akaendelea.