Kikohozi Katika Miwa

Patroba alikuwa mtu wa kawaida. Watu wa Shianda watakuambia hivyo hata leo. Alilima miwa, aliimba besi kanisani, na mtu akifiwa yeye ndiye aliyefika kwanza na jembe la kuchimba kaburi. Ila alikuwa mwoga. Hakuna aliyeliona hilo, maana mwoga akizeeka huitwa mpole.

Jirani yake alikuwa Elkanah. Mashamba yao yaligawanywa na mstari wa mikonge tu. Elkanah alivuta kiko, na kikohozi chake kilijulikana kijiji kizima, kama gari bovu linalokataa kuwaka.

Mwaka huo miwa ya Patroba ilikomaa ikapitiliza. Wakataji wa kiwanda hawakuja. Sasa, huko kuna ujanja ambao kila mkulima anaujua na hakuna anayeukiri: miwa iliyoungua haingojei zamu. Wakataji huletwa mbio kabla haijaharibika. Mtu huchoma shamba lake, kisha hulia kuliko wote.

Patroba aliogopa hata kuchoma lake. Akaona heri moto uanzie kwa Elkanah, uvuke wenyewe. Jumanne, jua la utosi, akainama penye mikonge akawasha kiberiti. Moto ukapanda. Ndipo akasikia kikohozi ndani ya miwa.

Elkanah alikuwa humo akimkatia ng'ombe majani.

Kupiga kelele kungetosha. Lakini anayepiga kelele huulizwa alikuwa akifanya nini pale. Patroba akajiziba mdomo kwa kiganja, akaondoka mbio ameinama. Kikohozi kilimfuata mpaka kikakoma. Kisha upepo ukageuka. Miwa yake haikuguswa hata jani.

Ikafika siku ya mazishi. Wazee wa huko husema aliyemuua mtu hatupi udongo kaburini mwake. Akitupa, mkono huo huvimba, naye hufuata. Patroba alikuwa akisema haamini mambo hayo. Asubuhi hiyo alichana leso kuukuu akajifunga mkono wa kulia.

"Baba, huo mkono umefanya nini?" akauliza mkewe, Selpher.

"Jembe."

Jeneza likashuka. Watu wakapita mmoja mmoja, kila mtu na konzi yake ya udongo. Zamu yake ilipofika, akainua leso ile waione.

"Mnisamehe. Huu hauwezi, na wa kushoto ni matusi kwa marehemu."

Mzee Khaemba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto, akageuka. "Mnaona? Kumbe huyu aliungua akimtoa mwenzake! Na hajasemanga!"

"Ah, acheni," Patroba akasema. Wakadhani ni unyenyekevu.

Weldon, mtoto wa marehemu, fundi wa magari huko Lurambi, akamkumbatia pale pale. Mikono yake ilikuwa mikubwa. "Baba mdogo," akamwambia sikioni, "wewe ndiye baba yangu sasa. Nisaidie kumtafuta aliyechoma. Mambo ya polisi mimi sitaki."

Patroba akajitoa mikononi mwake.

Angeenda nyumbani wakati huo. Lakini Emily, mjane, alikuwa amesikia. Alikuwa ameketi mkekani barazani, macho yamevimba. Akaita, "Shemeji asiende! Kama aliungua kwa ajili ya mume wangu, kidonda chake nitakiosha mimi. Leteni maji ya uvuguvugu na mshubiri."

"Nakuja, mama," Patroba akajibu. "Nijisaidie kidogo."

Akazunguka nyuma, wanawake walipokuwa wakipika. Sufuria kubwa ya obusuma, ugali wa kwao, ilikuwa juu ya mafiga, na Selpher ndiye aliyeshika mwiko. Hakugeuka.

"Sasa ni jembe ama ni moto?"

"Nyamaza."

"Nimenyamaza tangu Jumanne. Uliingia nyumbani ukinuka moshi, hata kilio hakijapigwa."

Patroba akafungua leso. Akanyoosha mkono juu ya makaa. Vinyweleo vikajikunja, vikanuka. Akauondoa. Akafumba macho akajaribu tena, jasho likimtoka puani, akauondoa tena. Mwenzake alikuwa amezingirwa na moto mzima. Yeye kaa moja lilimshinda.

Selpher alimtazama, kisha akarudi kusonga. "Jifunge basi," akasema. "Unaitwa."

Akaketi mbele ya Emily. Weldon alisimama karibu, ameshika beseni.

"Legeza mkono, shemeji. Mbona unarudi nyuma kama kuku ameona kisu?"

"Unauma, mama. Acha tu."

"Ndiyo maana nataka kuuosha."

Akafungua fundo. Akazungusha leso, mzunguko baada ya mzunguko, polepole, asimuumize. Ikaanguka mkekani. Kiganja kilikuwa kizima.

Emily hakupiga kelele. Aliugeuza mkono ule huku na huku, kama mtu anayechambua mboga. Kisha akainua macho.

"Mume wangu hakuweza kukaa kwenye moshi bila kukohoa," akasema kwa sauti ya chini. "Ulimsikia?"

Patroba akafungua mdomo. Jibu lilikuwa pale, kwenye meno. Lakini akaona ile mikono ya Weldon ikiweka beseni chini.

Akakimbia.

Alikimbia kama hana miaka yake, akaruka mikonge, akatumbukia katika miwa yake mwenyewe. Nyuma yake watu walikuwa wakiulizana, kisha hawakuulizana tena. Wakalizunguka shamba.

"Choma!" mtu akapaza sauti. "Kwani yeye aliuliza kama kuna mtu?"

Patroba alilala kifudifudi. Majani makavu yalimkwaruza uso. Akasikia njiti za kiberiti zikicheza ndani ya boksi, karibu sana. Vumbi likamwingia kooni. Akajiziba mdomo kwa kiganja kile kile. Koo likawasha, likawasha, na akakohoa.



"Lete hicho kiberiti," ikasema sauti ya Weldon. Njiti zikanyamaza mfukoni mwake. Kisha akaita kwa nguvu, mdomo umeelekea miwa: "Nimekusikia! Toka!"

Maneno mawili tu. Patroba akajikunja zaidi.

Wakamwita mpaka sauti zikakauka. Hakutoka. Basi wanaume wakashika mapanga, wakaingia upande wa barabara, wakakata mstari kwa mstari. Hivyo ndivyo miwa ya Patroba ilivyokatwa mwaka huo. Yeye alilala akisikia mapanga yakija, shina baada ya shina, mpaka jua likampiga mgongoni.

Weldon akainama. Patroba akafumba macho, akangoja.

Hakupigwa. Alishikwa mkono ule mzima, akainuliwa.

"Twende, baba mdogo," Weldon akasema. "Hujatupa udongo."