Koti Lililobaki Kazini

Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo mpakani Tunduma, na pembeni natunga vichekesho. Cha mwezi uliopita kilimhusu karani anayetundika koti kwenye kiti kisha anatoroka kutwa nzima. Bosi akichungulia na kuliona, anaamini mwenyewe yuko msalani. Sikuhangaika kutafuta mfano, maana ndivyo nilivyokuwa nikienda mazoezini.

Siku ya onyesho, ukumbini Vwawa, nikagundua sina koti la jukwaani. La kwangu lilikuwa kazini, likinishikia nafasi. Nikamtuma Atu, aliyeigiza katibu muhtasi, akaazime kwa watazamaji. Akarudi na koti jeusi zuri, nami kwa kiburi cha usanii sikuuliza la nani.

Nilipolitundika tu, simu ikaita mfukoni mwake. Mwenye akili angeizima. Mimi nikaona nimepata kichekesho cha bure, nikapokea, nikaweka spika na kuisogeza kwenye maiki.

"Shikamoo bosi," ikasema sauti ya Mama Neema, ninayekaa naye meza moja ofisini. "Chitete umefika salama? Ulisema nimwangalie Ezekia. Yupo, koti lake hili hapa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Ezekia ni mimi.

Mstari wa mbele alikaa bosi wangu na shati tupu, yule aliyeaga asubuhi kwamba anakwenda Chitete kikazi.

"Ezekia," akasema taratibu, "mwambie nimefika salama. Halafu nipe koti langu."