Ubao wa Misumari

Binti yangu analehemu nyaya mezani, na moshi wa risasi ya kulehemia unaponifikia puani namwona baba, amekaa barazani kwetu, milimani juu ya Lushoto.

Kelele za mashine za kiwanda cha chai zilikuwa zimemziba masikio. Watoto wakimpa shikamoo alipita kimya, na majirani wakasema ana kiburi. Ilimuuma, akaacha hata kwenda kanisani.

Miaka ile redio za kaseti kutoka nje zilianza kujaa madukani, na zilizoharibika ziliishia kwa mjomba wangu, fundi redio wa sokoni. Nilikuwa darasa la saba. Alinipa kipaza sauti kidogo, transista tatu, hedifoni kuukuu na mchoro wa mtambo wa kukuza sauti. Nikapigilia misumari kwenye kipande cha ubao, nikafunga kila waya kwenye msumari wake, nikalehemu kwa chuma nilichokipasha kwenye mkaa. Vidole viliungua. Mara mbili mtambo wangu ulikoroma tu, ukanyamaza.

Mara ya tatu nilimvika baba hedifoni, nikaunganisha betri. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia. Kabla sijafungua mdomo, mama akamfokea mbuzi kwa Kishambaa, nyuma ya nyumba. Baba akainua mkono ninyamaze.

"Nani huyo?"

"Ni mama."

Akaendelea kusikiliza, macho ameyafumba, mpaka mama alipotokea na mzigo wa majani kichwani.

"Mama watoto," baba akamwambia, "sauti yako imezeeka."

Mama aliutupa mzigo chini, akacheka huku machozi yanamtoka. "Na wewe ulikuwa wapi siku zote?"