Generosa Alivyofumba Midomo

Hebu mwone Belarmino akija stesheni ya Pedra Mansa siku ya treni ya mjini. Kofia ya majani kaishusha mpaka kwenye nyusi, anatembea polepole kama mtu aliyepita tu. Macho yake yako kwenye sanduku la mbao lenye matundu.

Ndani mna nyoka hai. Onofre mwenye duka huwakamata kwa fimbo yenye kitanzi, treni inawabeba bure hadi kwa madaktari mjini, nao wanamrudishia vichupa vya dawa ya sumu ya nyoka na bomba la sindano. Zamani huku kwetu kwenye mashamba ya kahawa, aliyeumwa na nyoka alipelekwa kwa Belarmino, akaombewa, na jamaa zake wakaacha kuku. Sasa benchi la wagonjwa mlangoni kwake hulaliwa na mbwa.

"Dawa yenyewe damu ya farasi," alikuwa akiwaambia watu. "Mkichomwa, msije kwangu mkilia kama punda."

"Afadhali kulia kama punda, mzee, kuliko kunyamaza kaburini," Onofre alimjibu siku moja, duka zima likacheka. Kicheko kile Belarmino alikwenda nacho nyumbani, akala nacho, akalala nacho.

Basi mkewe, Generosa, akaumwa na nyoka mguuni akichuma kahawa. Wachumaji wenzake wakambeba moja kwa moja dukani. Belarmino alipofika, alimkuta mkewe kwenye magunia, kope zimeanza kulegea, na Onofre kapiga magoti, kamshika kifundo cha mguu. Mkono ule ndio aliouona kwanza.

"Toa mkono wako."

"Nitautoa, bwana. Kwanza aniambie ni nyoka gani. Kila nyoka na kichupa chake, nikikosea haitamsaidia."

Generosa alifumba midomo. Maombi ya mumewe yalikuwa na mwiko mmoja: aliyeumwa akimtaja nyoka, maombi yanaanguka, na hayainuki tena kumponya mtu yeyote. Mwiko huo Generosa mwenyewe ndiye aliyewafundisha wagonjwa wote waliopita kwenye lile benchi. Sasa alikuwa akimtazama mumewe.

Kila mtu pale aliujua mwiko.

"Dada Generosa, nakuomba," alisema Onofre.

"Usimwombe," Belarmino akasema. "Hakusikii wewe." Akainama, jasho likimdondoka. "Sema, mama. Mtaje."

"Na maombi yako?"

"Mtaje, nimesema."

"Yule mwenye njuga mkiani."

Onofre akachukua kichupa, akavuta dawa, akachoma. Belarmino alishika taa.

Generosa alipona. Alipopata nguvu alioka keki ya mahindi, akaifunga kitambaa safi.

"Ya nani hiyo?"

"Ya Onofre."

"Yote?"

"Nusu nimekuwekea, mtu wangu. Usinitazame hivyo."

"Siku ile alikuita dada. Tangu lini?"

"Tangu nilipokataa kumjibu yeye, nikakusikiliza wewe."

Siku hizi mtamwona Belarmino stesheni amebeba sanduku lake mwenyewe, ndani mna nyoka wa njuga wanene kuliko wote aliowahi kupeleka Onofre, naye huliweka juu ya sanduku la mwenzake, kamwe si chini. Vichupa vikija, anavipeleka dukani bila salamu.

Wewe unayenisikiliza, ungeiita shukrani hiyo, au wivu?