Mayai Meusi ya Kasoli

Msimu ule chama cha ushirika kilikuwa hakileti tena dawa ya pamba Kasoli. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao wakati wa mavuno, basi. Mimi, bwana shamba niliyetoka chuoni mwaka huohuo, niliwaambia wakulima dawa ipo bure chini ya majani: mayai ya mdudu wa kijani mwenye mbawa kama chandarua, kila yai likining'inia kwenye uzi mwembamba kama unywele. Watoto wake hula vidukari wanaonyonya pamba.

Mjane mmoja mwenye ekari mbili alinionyesha jani.

"Mwangaluka, bwana shamba. Mbona haya yamekuwa meusi?"

Sikujua. Wanawake kadhaa walisimama kusikiliza, nami niliogopa kunyamaza kuliko kukosea. "Yanakaribia kuanguliwa, mayu. Yachume, uyafunge kwenye miche yenye vidukari wengi."

"Umesikia?" akamwambia jirani yake. "Wewe ulisema yameoza. Kaa na pua yako."

Nilichukua jani moja, nikaliweka ndani ya chupa ya jamu chumbani kwangu Bariadi. Siku ya tatu wakatoka nyigu, wadogo kuliko punje ya ulezi. Nyigu hao hutaga ndani ya mayai ya mdudu wetu, na watoto wao huyamaliza. Nilikuwa nimemtuma yule mama amsambaze adui kwa mikono yake mwenyewe.

Baiskeli nilikuwa nayo. Sikwenda. Nilijiambia jani moja si ushahidi. Nilitunga maneno ya kumwambia, nikayaona mabaya, nikatunga mengine. Siku tisa.

Nilipofika, pamba yake ilikuwa inanata kwa uchafu wa vidukari, majani yamejikunja. Karibu kila mche ulikuwa na jani kavu lililofungwa kwa uzi mwekundu, fundo safi kama la mshona nguo.

"Mayu, yale mayai yalikuwa na nyigu. Nilikosea."

"Niliwaona wakitoka," alisema. "Nikadhani ni macho yangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Jirani alikuwa anapalilia ng'ambo ya mpaka. Yeye hakufunga hata jani moja, na pamba yake ilisimama. "Pua yangu bado ipo!" akapaza sauti.

"Nyamaza wewe," mjane akamjibu. "Mtoto wa watu kapanda baiskeli mara tu alipojua, akaja kusema mwenyewe. Wangapi wangekuja?"

Niliinama, nikaanza kufungua nyuzi. Sikumsahihisha.