Lusubilo, Mpiga Picha za Viatu

Lusubilo wa Iyula aliporudi kutoka migodi ya shaba ya Luanshya, alishuka kwenye lori na koti moja, kofia moja, na kamera ya sanduku aliyoikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Wenzake walirudi na mablanketi na cherehani. Mke wake, Felista, aliitazama ile kamera, akauliza, "Inashona?"

Haikushona, lakini iliwalisha. Mbozi nzima hatukuwa na mpiga picha mwingine wa kumlinganisha naye, ndiyo maana tulimwona fundi.

Sheria zake zilikuwa kali. Ulitazame jua mpaka machozi yakutoke. Usicheke, picha si ngoma. Usipumue mpaka aseme. Mwanamume asiye na koti alivalishwa la Lusubilo, na hadi leo ukipita nyumba za Iyula utakuta ukutani wanaume wa koo zote ndani ya koti moja, lile lililokosa kifungo cha kati, wamenuna kama wanaosubiri hukumu bomani. Mwenye baiskeli alisimama na baiskeli. Mwenye saa aliuweka mkono tumboni, ungedhani anaumwa.

Halafu viatu. Siku zile mtu hakununua viatu ili avitembelee; alivibeba mkononi mpaka mlango wa kanisa, akavivaa hapo. Mtu kama huyo akiletewa picha, swali la kwanza ni, "Viatu vimetokea?" Yonasi, mzee wa kanisa, aliwahi kuirudisha picha yake kwa hasira kwa sababu ncha ya kiatu cha kushoto haikuonekana. Tangu siku hiyo Lusubilo akawa anaiinamisha kamera. Viatu viliingia vyote, na kamba zake. Vichwa ndivyo vikaanza kukatika: kwanza nywele, halafu paji la uso, halafu macho.

"Kichwa kila mtu anacho," alimjibu aliyenung'unika. "Viatu je?"

Na watu wakaona amesema kweli! Walitundika ukutani mababa wasio na macho, wakakaribisha wageni kuwatazama.

Aliyeumia ni Tabita, jirani yangu, mjane. Mwanawe wa kwanza, Amoni, alipigwa picha siku ya kuondoka kwenda migodini. Mwamba ukamwangukia huko, akazikwa huko huko. Mama akabakiwa na ile picha: viatu vizuri, suruali, koti la Lusubilo, na kidevu. Siku moja tukichuma kahawa aliniambia, "Viatu vyake navijua, mwenzangu. Uso ndio umeanza kunitoka."

Sasa binti yake, Nesta, akaolewa na Boazi wa Ihanda, naye kijana wa migodi ya Luanshya. Harusi ikiisha tu, lori la kuwapeleka huko lilikuwa linangoja. Nje ya kanisa Tabita alimshika Lusubilo mkono, akamwita kwa jina la mtoto wa fundi mwenyewe.

"Baba Enesi, leo nataka picha moja tu. Mimi na mwanangu. Yenye vichwa."

"Ee mukwai, mama, hiyo ni kazi ndogo," alijibu Lusubilo kwa Kibemba chake cha migodini, akaenda kumpiga Yonasi na viatu vyake. Halafu karani na baiskeli. Halafu karani bila baiskeli. Halafu Yonasi tena, safari hii ameshika baiskeli ya karani. Alipowageukia wenye harusi, filamu ilikuwa imebaki na nafasi moja.

"Hiyo ni yangu na mke wangu," alisema Boazi. Alikuwa amevaa viatu vyeupe, na Ihanda nzima ilikuwa inaisubiri picha yake.

"Bila mama sipandi lori," alisema Nesta, akakaa chini na gauni lake jeupe.

"Basi simameni wote watatu," alisema Lusubilo.

Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani. Hawapishani njiani, mmoja hujitupa kwenye migomba mpaka mwingine apite. Leo wasimame bega kwa bega, tena wabaki hivyo ukutani?

"Mila za giza hizo!" Yonasi aliunguruma. "Sisi ni Wakristo."

"Aa, baba," alisema mkewe. "Juzi uliruka mfereji ukaanguka kwenye matope kwa ajili ya nani? Si mama yangu alikuwa anapita?"

Boazi alikuwa ameshageukia ukuta wa kanisa. "Nesta, mwambie mama siwezi kumvunjia heshima."

Tabita naye alikuwa amempa mgongo. "Mwambie mwenzio sijamwomba anitazame. Namwomba asimame."

Lori likapiga honi. Tabita alimpokonya Yonasi mwavuli wake mweusi, ule anaoubeba hata mvua isiponyesha, akaufungua, akampa Nesta. "Mpe ajifiche."

Boazi aliupokea kama mtu aliyeokolewa kwenye mto, akauweka kati yake na mama mkwe, akatokomea nyuma ya mwavuli. Nesta akasimama katikati, mama upande wa pili. Lusubilo akaiinamisha kamera kama kawaida.

"Baba Enesi, unainamia nini huko? Mimi sina viatu."

Wote tukaitazama miguu yake. Ilikuwa na udongo mwekundu wa Iyula, basi.

"Panda juu," alisema Tabita. "Uso wangu uko huku."

"Na viatu vyangu?" ikauliza sauti kutoka nyuma ya mwavuli.

"Nesta, mwambie viatu vyake anaondoka navyo!"

Nesta alipasuka kwa kicheko. Mama akafuata.

"Msicheke!" Lusubilo alipiga kelele, na kwa kule kushtuka kidole kikabonyeza.

Filamu ilisafishwa Mbeya. Picha iliporudi Lusubilo aliona aibu, akaificha chini ya godoro, na Felista ndiye aliyeichomoa akampelekea Tabita mwenyewe. Nyuso mbili zilikuwa wazi, na meno na mikunjo, zimeegemeana kwa kicheko. Pembeni mwavuli mweusi na mkono wa koti.

"Imeharibika," alisema Yonasi. "Hata kiatu kimoja hakuna."

Lakini wanawake walianza kumfuata Lusubilo mmoja mmoja: tupige kama Tabita. Fundi wetu akanunua mwavuli, akawaeleza watu kwamba huko Luanshya ndivyo mafundi wakubwa wanavyofanya siku zote, mukwai. Wanaume aliendelea kuwapiga viatu. Walitaka wenyewe.

Tabita aliitundika picha kando ya ile ya Amoni. Siku nilipokwenda kuitazama nilimtania, "Mkweo mbona simwoni?"

"Huyo hapo kwenye mwavuli, na adabu zake."

Halafu akaniita karibu. Alikuwa amefunika macho ya Nesta kwa kidole, akayafunua, akahamia picha ya Amoni.

"Angalia kidevu," aliniambia. "Kimoja. Sasa naanzia kwa huyu, huku juu kwa kaka yake namalizia mwenyewe."