Tulimuonesha Njia kwa Kidole

Nakumbuka siku moja ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na kosa, na mtu akafa.

Ilikuwa Ijumaa, mwanangu, hapa hapa Al Khuwair, wakati nyumba zilikuwa bado chache na viwanja vitupu vingi, mchanga na mawe mpaka ng'ambo ya barabara kuu. Mimi nilikuwa muuguzi kijana, nikikaa kwa Ami Salum, ndugu wa baba yangu, aliyetupokea tulipohamia nchi hii ya Waarabu kutoka Unguja. Nyumba yake ilisifika kwa ukarimu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa, na kwa Ami mgeni hakuishia kulishwa tu. Akiondoka alifukizwa udi, akanyunyiziwa marashi, kisha akasindikizwa na nyumba nzima mpaka nje ya lango, na hakuna aliyegeuka kabla gari halijapinda kona. Hata leo mgeni akiaga nawe ukabaki umeganda kitini na simu yako, jua umeniudhi, ingawa sisemi.

Ijumaa hiyo mgeni wetu alikuwa Daktari Hana, mkubwa wangu hospitalini, mama mtu mzima aliyeajiriwa kutoka Uingereza. Alikuwa Yahudi. Aliniambia mwenyewe, nami nikamwambia Ami kabla ya kumwalika, maana sikutaka siri kwenye sinia la watu. Ami akasema mgeni ni mgeni. Akaagiza samaki kutoka Qurayyat asubuhi ile ile, kwa kuwa nilimweleza kwamba daktari hali nyama asiyojua imechinjwaje. Ami alicheka, akasema basi huyo ni kama sisi.

Chakula kilipokuwa tayari mke wa Ami alitoka uani kuwaita watoto, akiwaita kwa Kiswahili kama tuitanavyo majumbani mwetu. Punde mlango ukagongwa. Ami akaenda kufungua, na mimi nikasimama nyuma yake na sinia mkononi. Alikuwa msichana wa bara, kanga ya manjano kichwani, ndara za plastiki miguuni, uso umekauka kwa jua la mchana.

"Shikamoo mzee," akasema. "Nimesikia Kiswahili, ndiyo maana nimegonga. Naomba unioneshe njia ya ubalozini kwetu."

Ami alimpa maji. Nataka ulijue hilo, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alimuuliza anakaa wapi, na msichana akajibu kwamba ametoka kwa matajiri wake na harudi tena. Hapo Ami akaona mambo ya nyumba za watu yanaingia kwake, na mtumishi aliyetoroka ni kesi. Akanyoosha kidole kuelekea barabara kuu, akamwambia aifuate tu, mbele atauliza. Kisha akafunga mlango taratibu, bila ya kumkemea. Akufukuzaye hakwambii toka. Tulikuja kusikia baadaye kwamba majirani nao walifanya vivyo hivyo, na nyumba moja ilimpa tende.

Daktari Hana akauliza nani alikuwa mlangoni. Tukamwambia ni mtumishi wa watu, kapotea njia. Akatazama mlango kidogo, akarudi kwenye chakula chake. Alipoaga tukamtoa nje sote, na udi wetu na marashi yetu, jua likiwaka mpaka lami inanata kwenye viatu, na hakuna aliyelalamika kwamba kuna joto.

Yule msichana aliokotwa kesho yake kwenye kiwanja kitupu, amekaa ameegemea ukuta. Bila shaka alikaa hapo kufuata kivuli, na kivuli kikamhama. Jua ndilo lililomuua. Aliletwa hospitalini kwetu, na mimi ndiye niliyefunua shuka nikaiona ile kanga ya manjano. Nikamwita Daktari Hana. Alimtazama, akanitazama mimi, akaelewa kabla sijasema neno kwamba ndiye yule wa mlangoni.

Alasiri ile alikuja kwa Ami bila ya kualikwa. Akakaribishwa kahawa, asiishike. Mwanangu, wewe umezaliwa hapa, unajua maana ya mtu kukaa kwenye baraza la watu na kuiacha kahawa ipoe mbele yake: amekuja na dai. Akazungumza kwa Kiingereza, mimi nikiwa mkalimani, na ningelipata mwengine wa kuifanya kazi hiyo ningelimpa.

Alisema wahenga wake waliwekewa sheria. Maiti wa mtu aliyeuawa akikutwa porini, na muuaji hajulikani, hupimwa mji upi ulio karibu naye zaidi. Wazee wa mji ule hutoka, wale wale wanaoheshimiwa, wakaosha mikono hadharani na kutamka kwamba mikono yao haikuimwaga damu ile. Wanazuoni wao baadaye wakauliza: kwani nani aliyewadhania wazee wa watu kuwa ni wauaji? Wakajibu kwamba maana yake si kisu. Maana yake wazee wanaapa kwamba mtu yule hakufika kwetu tukamwacha aende bila ya chakula, wala hatukumuona tukamwacha aende bila ya kusindikizwa.

Ami akasema, "Nlimpa maji, nkamuonesha njia. Mimi nna kosa gani?"

"Huna kosa," akajibu Daktari Hana. "Hata mimi sina. Lakini jana mlinisindikiza nyumba nzima, na mimi nina gari. Nilisikia mlango ukifungwa nyuma yake, nikaendelea kula. Tukiitwa kuosha mikono, mimi siwezi kwenda."

Maneno hayo niliyageuza kwa Kiswahili mimi, mbele ya mzee aliyenilea.

Alipoondoka Ami aliwaka. Myahudi ndiye wa kumfundisha yeye haki ya jirani? Haki ya msafiri aliyekatikiwa na njia? Lakini hasira ile, nikwambie kweli, haikuwa juu ya dini ya mtu. Mambo yale aliyajua tangu chuo cha Kurani, akiwa na ubao mapajani, na kilichomuuma ni kukumbushwa na mgeni. Wazee husema hekima ni mali iliyompotea muumini, popote akiiona huiokota. Ami aliiona, ila kuinama ndiko kulikomshinda.

Siku maiti iliposafirishwa, matajiri wa yule msichana hawakutokea. Jina lake tulilijua kwa polisi. Aliitwa Modesta, mtu wa Singida. Pale mlangoni kwetu hakuna aliyemuuliza. Mimi na Daktari Hana tulikuwa tunatoka kwenda uwanja wa ndege, mara Ami akaja na gari lake, akatufungulia mlango. Alituendesha mwenyewe mpaka uwanjani. Maiti hupitia upande wa mizigo, na tulipofika huko Ami hakushuka. Alibaki ameshika usukani, akitazama, mpaka jeneza lilipopinda kona. Tulimsindikiza wakati hana tena haja ya kusindikizwa.

Daktari Hana hakualikwa tena kwetu. Mkataba wake ulipokwisha aliondoka, na aliyemsindikiza ni mimi peke yangu. Ami aliishi miaka mingi baada ya hapo, na katika maradhi yake ya mwisho kila mlango ukigongwa alikuwa akinyanyua kichwa na kusema, "Atoke mtu afuatane naye." Hata akiwa ni muuza mkate.

Nakwambia haya kwa sababu wiki iliyopita ulinisomea simu yako. Kwenye kundi la mtaa mtu katuma picha ya msichana amekaa na begi chini ya daraja la barabara kuu, anauliza huyu ni wa nani. Majibu yakaja mengi: si wetu, si wetu. Nawe umeandika hivyo hivyo, na hukusema uongo. Nilikuuliza yuko wapi sasa, ukaniambia hujui. Mpaka leo hujui, na mimi nna hofu.

Basi nisikilize. Usitosheke kwa kuwa huna kosa, kwani watu wasio na kosa wanaweza kumuua mtu wakasaidiana, kila mmoja kwa kidole chake. Anayegonga kwako muulize jina kwanza. Halafu vaa viatu, utoke naye. Kama huwezi kumpeleka aendako, mfikishe kwa anayeweza, na usigeuke mpaka uone amepokewa. Ukiogopa kesi, ogopa, lakini nenda huku unaogopa. Na nasaha njema usiitupe kwa sababu ya mdomo ilimotokea. Majuto ni mjukuu, na mimi huyu wangu nimemlea miaka yote hii, hajanikulia.

Sasa nipe mkono ninyanyuke, uwashe gari. Twende tukatazame chini ya daraja, hata ikiwa hayupo.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe moyo usiopata usingizi mtu akiwa juani. Na siku yako ya kuondoka, maana kila mmoja wetu ana yake, akujaalie watu wa kukusindikiza.